Tulimfunga kamba mteja wetu usiku. Tungefanyaje?

SWALI

Shikamooni washauri wangu.

Mimi ni msimamizi wa zamu ya usiku kwenye nyumba ya upataji nafuu pembezoni mwa jiji la Mwanza, upande wa Kisesa. Tuna wateja 19, wote wanaume, wa pombe na wa unga. Usiku tunakuwa walezi wawili na mlinzi wa getini. Tuna muuguzi mstaafu ambaye huja asubuhi na kuondoka saa tisa alasiri.

Mwezi uliopita, siku ya Alhamisi, tulimpokea kijana wa miaka 28, mvuvi kutoka Ukerewe, kaletwa na mama yake na wajomba wawili. Kwa miaka sita amekuwa akinywa gongo kila siku. Mara ya mwisho alikunywa Jumatano saa mbili usiku, asubuhi yake wakapanda meli ya Nansio. Ijumaa mikono ilimtetemeka hadi kikombe cha uji kikamshinda, jasho likawa linamtoka, na hakula kitu. Tukasema ni arosto ya kukosa pombe, itapita.

Usiku wa kuamkia Jumamosi, saa nane, aliamka akipiga kelele kwamba dagaa wanatembea ukutani, akawa anawachota kwa viganja. Akavunja kioo cha dirisha na kushika kipande. Tulimvamia watatu, kipande kikaanguka. Tukamlaza kifudifudi kwenye korido, tukamfunga mikono kwa nyuma kwa kamba ya manila, miguu kwa kitenge. Mlinzi akamkalia kiunoni. Kijana alisema mara mbili "nakosa hewa". Mlinzi akajibu kwamba anayeongea anapumua. Baadaye akanyamaza, tukajua kalala. Tulimfungua saa kumi na mbili asubuhi. Hospitali walimlaza siku tano, amepona, ila kidole gumba cha kulia kina ganzi mpaka leo.

Sasa bosi ameniambia niandike kanuni ya nyumba. Anataka mambo matatu: ndugu wasaini karatasi siku ya kumleta mtu, kwamba wanaruhusu afungwe akisumbua, chumba kimoja kiwekwe geti la chuma na kufuli, na sindano za Largactil, dawa ya kumtuliza mgonjwa wa akili, zikae ofisini, mlezi amchome mtu kwa maelekezo ya muuguzi kwenye simu. Je, tunaruhusiwa kumshika mtu? Kwa namna gani? Hiyo saini inatulinda? Na kijana mwenyewe anataka kurudi, mama yake ananipigia simu kila siku. Nimjibu nini?

Msimamizi wa zamu

JIBU

Marahaba, mdogo wetu.

Kwanza hicho kidole. Kamba ikikaza kifundo cha mkono kwa saa nyingi huuminya mshipa mdogo wa fahamu unaopita juu ya mfupa, upande wa gumba, na ganzi hubaki hapohapo ulipopaeleza. Mara nyingi huisha yenyewe baada ya wiki kadhaa. Mwambie mama yake amjaribu mambo mawili: anyooshe mkono na kuinua kiganja juu, kisha atanue vidole vyote kwa nguvu. Kiganja kikining'inia au vidole vikikosa nguvu, aonwe na daktari wiki hii hii, asisubiri mwezi uishe.

Tumesoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila tukihesabu saa tunafika mahali pamoja. Jumatano saa mbili usiku hadi Jumamosi saa nane usiku ni saa 54. Mtu aliyezoea kunywa kila siku akikatiwa pombe ghafla, mitetemo huanza kati ya saa 6 na 12. Degedege, likija, huja kati ya saa 6 na 48. Kati ya saa 48 na 96 ndipo huja kuweweseka kwenyewe: jasho, homa, moyo kwenda mbio, kuona wadudu au wanyama wasiokuwepo, kuchota hewani, kutojua yuko wapi. Dagaa wa ukutani ndio hao. Kijana hakuwa mkorofi wala hakuwa na jini. Alikuwa na ugonjwa wa dharura unaoua, na tiba yake iko wodini: dawa za jamii ya diazepamu kwa vipimo, maji ya mshipa, vitamini B1, na mtu wa kumpima presha na joto usiku kucha.

Kwa hiyo kanuni utakayoandika isianzie kwenye korido saa nane usiku. Ianzie kwenye meza ya mapokezi, Alhamisi alasiri. Mtu anayekunywa kila siku aulizwe, na ndugu waulizwe pembeni: mara ya mwisho kunywa ni lini, saa ngapi, kiasi gani? Amewahi kuanguka degedege au kuweweseka alipojaribu kuacha? Ana kisukari, kifafa, pumu, presha? Ameanguka na kupiga kichwa siku za karibuni? Anatumia dawa gani? Akiwa amewahi kuanguka au kuweweseka, msimpokee siku hiyo. Apitie hospitali kwanza, iwe Sekou Toure au Bugando, aje kwenu akiwa na karatasi ya daktari. Hata asiye na historia hiyo, saa 96 za kwanza awekwe chumba kilicho karibu na walezi na atazamwe usiku, kila saa moja. Mikono ikishindwa kushika kikombe, huyo ni wa hospitali saa hiyohiyo. Ijumaa mchana mlikuwa na nafasi hiyo, na gari lingepatikana.

Nunueni kipimo cha sukari cha kidole na vipimo vya haraka vya malaria. Fujo ya ghafla katika Kanda ya Ziwa inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, na sukari ikishuka chini ya 4 mmol/L mtu huropoka na kurusha ngumi kama mlevi. Aliye macho na anayeweza kumeza apewe kinywaji chenye sukari na apimwe tena baada ya dakika 15. Aliyelegea msimmiminie kitu mdomoni. Pia homa, shingo ngumu, kichwa kilichogongwa, au mtu wa unga ambaye pumzi zimepungua chini ya 12 kwa dakika: hakuna hata mmoja kati ya hawa anayetibiwa kwa kushikwa.

Sasa swali lako: mnaruhusiwa kumshika mtu? Ndiyo, katika hali moja tu. Awe karibu kabisa kujiumiza au kumuumiza mwenzake, njia nyingine ziwe zimejaribiwa au hazina nafasi, na nguvu itumike kiasi cha kuizuia hatari hiyo, basi. Hatari ikiisha, mikono inatoka. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamlinda anayejitetea au anayemtetea mwingine kwa nguvu ya kadiri. Haimlindi anayemfunga mtu kwa muda wa saa nne. Katiba ya mwaka 1977, Ibara ya 13, inakataza kutesa na kudhalilisha, na Tanzania iliridhia mkataba wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009. Kijana aliposhika kioo, mlikuwa na haki ya kumzuia. Kioo kilipoanguka na mkakisogeza mbali, haki hiyo ilianza kuyeyuka, na kila dakika ya kamba baada ya hapo mliiongeza ninyi wenyewe.

Mambo ambayo si sababu ya kumshika mtu, yaandike waziwazi kwa sababu ndiyo yanayotokea kila wiki: matusi, kukataa kuoga, kukataa dawa, kuvunja sahani, kutaka kuondoka. Aliyekuja kwa hiari akitaka kuondoka, mnazungumza naye, mnampigia ndugu, mnaandika, anaondoka. Kama akili imevurugika kiasi cha kushindwa kuamua, ipo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 yenye utaratibu wa kumfikisha hospitali na kumlaza bila ridhaa yake. Utaratibu huo uko mikononi mwa wataalamu wa afya na mahakama. Nyumba yenu haimo.

Karatasi ya bosi, basi. Haiwalindi. Mama hana uwezo wa kisheria wa kuwaruhusu mumfunge mtu mzima wa miaka 28, na hata mteja mwenyewe akisaini, saini ya leo haiwezi kuhukumu hatari ya kesho kutwa usiku. Nchi zenye hospitali tajiri zimeshalipitia hili. Marekani, kanuni za hospitali zinazolipwa na Medicare, bima ya afya ya serikali, zinakataza amri ya mapema ya "akisumbua afungwe". Kila tukio lina amri yake, mgonjwa mkorofi aonwe ana kwa ana na mtaalamu ndani ya saa 1, na amri ya mtu mzima haizidi saa 4 bila kuandikwa upya, ya mwenye miaka 9 hadi 17 saa 2, ya mtoto mdogo zaidi saa 1. Na huko kuna daktari jengo moja na mgonjwa. Ninyi usiku mna walezi wawili na mlinzi.

Kwa sababu hiyohiyo tunakushauri uandike sentensi fupi: nyumba hii haifungi mtu kwa kamba, kitenge, mnyororo wala pingu, na haimfungii mtu chumbani. Geti la chuma lenye kufuli, umeme ukipiga shoti au godoro likishika moto, nani ana ufunguo na yuko wapi? Mtu mwenye mawazo ya kujiua akifungiwa peke yake na nondo za dirishani, mmempa nafasi na kifaa. Chumba tulivu kipo sawa, chenye godoro chini, bila kioo, mlango wazi na mlezi ameketi mlangoni.

Largactil nayo hapana. Sindano hiyo hushusha presha ghafla, na kwa mtu anayekatika pombe hurahisisha degedege, yaani mngemchoma kijana wenu kitu kinachoweza kumwangusha. Diazepamu juu ya gongo au juu ya unga hupunguza pumzi. Dawa ya kumlaza mtu hutolewa na mtaalamu aliyemwona, aliyempima, na atakayebaki kumwangalia. Muuguzi aliye kwenye simu hawezi kuhesabu pumzi.

Tuseme usiku umefika na mtu amechafukwa. Mlezi mmoja tu ndiye anaongea. Mwingine anawatoa wateja wengine na kuzima redio au televisheni, maana watazamaji humpandisha mtu. Anayeongea asimame umbali wa mikono miwili, ubavu kidogo badala ya kumkabili kifua kwa kifua, viganja vionekane, mlango usizibwe. Maneno machache, kisha anyamaze, ahesabu polepole hadi 10 ndipo aseme tena. "Kaka, mimi ni fulani. Uko salama. Unataka maji au unataka tukae nje?" Msimbishie kuhusu dagaa. Msikubali kwamba wapo, wala msimwambie anaota. Mwambie "naona umeogopa", washa taa, mpe jina la mahali alipo. Wengi hushuka ndani ya dakika chache kama hakuna anayewakimbilia. Akivunja vyombo, avivunje, ninyi ondoeni watu.

Kumshika kunahitaji watu watano: mmoja kwa kila kiungo, na wa tano asiyeshika chochote isipokuwa saa. Wakiwa watatu ni kwa shida, na wawe wamefundishwa kwa vitendo, si kwa kusoma makala hii. Mkiwa wawili, msishike. Tokeni, wekeni mlango au godoro kati yenu na yeye, pigeni simu polisi 112, na pigieni gari. Msiite sungusungu wala mgambo wa mtaa. Wanakuja na rungu na wanakuja kukamata mhalifu, na hapo hayupo.

Wa tano ndiye mkuu wa tukio. Anakaa upande wa kichwa, anauona uso, anaongea na mteja, na akisema "achia" wote wanaachia bila kuuliza. Mikono ishike juu kidogo ya kiwiko na juu ya goti, si kwenye maungio. Hakuna kuzungusha mkono mgongoni, hakuna kukunja vidole, hakuna kugusa shingo, kukalia wala kupiga goti mgongoni. Lengo ni kumweka ameketi wima, mgongo ukutani, au amelala ubavu. Kumkunja kichwa hadi magotini akiwa ameketi nako kunabana pumzi, hivyo msidhani kukaa peke yake kunatosha. Akianguka kifudifudi, mgeuzeni ubavu papo hapo. Mwongozo wa mwaka 2015 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unasema kwa kawaida kumshika mtu kusizidi dakika 10.

Hapa tunakuomba umsomee mlinzi wako kwa sauti, maana ndipo watu hufa. Mtu hupumua kwa mbavu kupanuka na kiwambo cha chini ya mapafu kushuka. Akilazwa kifudifudi, uzito wake mwenyewe unazibana mbavu, na tumbo, hasa lililoshiba ugali, linasukuma kiwambo juu. Mwenzake akimkalia kiunoni au mgongoni, mlango wa mwisho umefungwa. Wakati huohuo amepigana, misuli inataka hewa mara nyingi zaidi ya kawaida, damu inajaa tindikali, moyo unadunda. Anaanza kujirusha kwa sababu anatafuta pumzi. Wanaomshika wanadhani anaongeza ubishi, wanakandamiza zaidi. Kisha ananyamaza, nao wanashukuru kwamba ametulia. Sauti inahitaji hewa kidogo tu inayotoka kooni. Kusema "nakosa hewa" hakuonyeshi kwamba hewa ya kutosha inaingia mapafuni. Neno hilo likitamkwa, mnaachia, hata kama mnahisi anadanganya. Uingereza walipitisha sheria mwaka 2018 kuhusu matumizi ya nguvu katika wodi za akili baada ya Olaseni Lewis, kijana wa miaka 23, kufa mwaka 2010 kufuatia kushikwa na askari 11 ndani ya hospitali. Kijana wenu alinyamaza akaamka. Wapo wasioamka.

Alama nyingine za kuachia: kutapika, mkoromo, kulegea ghafla, midomo au ulimi kugeuka rangi. Kwa ngozi nyeusi usitazame uso, fungua mdomo uone ndani, tazama kucha na viganja. Akiwa haitikii na hapumui kawaida, mlaze chali, bonyeza katikati ya kifua kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Aliyefundishwa atie pumzi 2 kila baada ya mibonyezo 30. Mwingine awe anapiga simu.

Mkimwachia, achieni kiungo kimoja kimoja huku mkuu akimweleza kinachofuata. Alale ubavu, mtu akae naye. Pumzi, mapigo na kama anaitika, kila dakika 15, hadi atakapoonwa na mtaalamu wa afya. Kila aliyeshikwa aonwe, hata akisema yuko salama. Gari la usiku lipatane mapema na dereva, namba ibandikwe ukutani pamoja na bei. Bodaboda kwa mshikaki, mgonjwa katikati, isiwe njia yenu.

Kisha daftari, kabla zamu haijaisha na kabla hamjajadiliana nani aseme nini. Liandikwe hivi: "Saa 8:05 usiku, ameshika kioo mkono wa kulia, umbali wa hatua mbili kutoka kwa mteja mwingine. Tuliongea naye dakika 4, hakuitika. Saa 8:09 ameshikwa na watu watatu, ameketi, mgongo ukutani. Saa 8:12 kioo kimeondolewa. Saa 8:14 ameachiwa. Pumzi 22, anaitika jina. Mchubuko kiganja cha kulia." Maneno kama "alikuwa mkorofi" hayamsaidii daktari wala hayawatetei ninyi. Ndugu wajulishwe asubuhi hiyohiyo. Siku inayofuata, akiwa ametulia, mkuu wa tukio akae naye aulize nini kilimpandisha na nini kingemsaidia. Jibu liingie kwenye faili lake, zamu zote zilisome.

Kama mnapokea walio chini ya miaka 18, hilo ni la Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na hapo afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ahusike tangu siku ya kwanza. Namba ya simu ya mtoto ni 116.

Bosi wako ataogopa kupoteza wateja kwa kuwarudisha hospitali kwanza. Mpe hesabu ya saa 54 tuliyokuandikia, mwonyeshe daftari la siku ile. Akikataa na kuweka geti, wewe ndiye utakayekuwa zamu. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au kwenye Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ukiwa na nakala ya rasimu yako. Hilo si kumsaliti.

Kuhusu kijana: mwambie mama yake kwamba mwanawe arudi, akiwa na barua ya hospitali inayosema ameshavuka kipindi cha kukatika na dawa anazoendelea nazo. Akifika, kabla ya fomu yoyote, kaa naye wewe na mlinzi. Mwambieni kilichotokea, kwa sababu yaelekea anakumbuka vipande tu, na mumwombe radhi kwa kamba. Mwulize akiamka usiku na hofu anapenda aitwe jina gani, na taa iwake au izimwe. Kisha mpe kitanda kilicho karibu na mlango wa walezi.